Baba Aliye Nje ya Boma: Utengano na Malezi katika Riwaya ya Kiswahili, kwa Macho ya Msomaji wa Lubao

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, baba amehukumiwa mara nyingi na kuchunguzwa mara chache. Wahakiki wamemweka kizimbani kwa ubabe, kwa ulevi, kwa uasherati na kwa kulisaliti tabaka lake, na kwa sehemu kubwa hukumu hizo zilikuwa za haki. Lakini wakishamaliza kumhukumu kama mume, huwa wamemaliza naye kabisa. Swali la pili halipati nafasi: baada ya ndoa kuvunjika, au pale ambapo ndoa haikuwako tangu mwanzo, mtu huyu ni nani kwa watoto wake? Anawatunza kwa njia gani, anawaona lini, anaitwaje, na wao wanamhesabu wapi? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba riwaya zetu, hata zile bora, zimelipita swali hili kwa mwendo wa haraka, na kwamba lugha ya mazungumzo pamoja na sheria vimelifikia kabla ya waandishi.

Swali lenyewe si la nadharia tupu. Lubao ni soko lililoko kaskazini mwa mji wa Kakamega, kando ya barabara iendayo Webuye. Nchini Kenya jina lake linajulikana zaidi kwa soko la mbwa kuliko kwa jambo lingine lolote. Lakini kwa wenyeji ni soko kama masoko mengine ya Magharibi, penye mahindi yapimwayo kwa gorogoro, penye waendesha bodaboda wangojao abiria, na matrekta ya miwa yapitayo yakidondosha njiani. Mwanafunzi wa sekondari wa hapo husoma riwaya zilezile zinazosomwa na mwenzake wa Mombasa au Machakos, kwa kuwa ndizo zilizoteuliwa kutahiniwa. Amechaguliwa hapa si kwa sababu maisha yake ni ya ajabu, bali kwa sababu ni ya kawaida. Katika darasa lake wamo wanaolelewa na mama peke yake, wamo wanaokaa kwa nyanya, na wamo ambao baba yao yuko Nairobi, au Eldoret, au ng'ambo ya barabara katika boma jingine lenye mke mwingine. Anapofungua kitabu cha Kiswahili, anamkuta baba wa namna gani?

Jibu la kwanza ni kwamba anamkuta baba aliyeko nyumbani na ambaye ingekuwa heri asiwepo. Zakaria katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi hajatengana na mtu. Yuko Namagondo, chini ya paa moja na Regina na mabinti zake, na pombe anainywa kwa jasho la mkewe. Kezilahabi aliliona jambo ambalo sheria za ndoa haziwezi kuliona kwa urahisi, kwamba kukaa boma moja na watoto si ushahidi wa kuwalea. Ukali wa Zakaria kwa Rosa unazuka mahali ambapo malezi yalipaswa kuwa, kama magugu yaotavyo katika shamba lisilolimwa. Kwa mintarafu ya swali letu, Zakaria ana faida moja kubwa: anatuzuia kudhani kwamba tatizo la baba ni umbali.

Maksuudi wa Said Ahmed Mohamed, katika Utengano (1980), anaongeza jambo jingine. Yeye ni mtu wa cheo na mali. Anamfungia binti yake Maimuna ndani ya nyumba, na anamtaliki Bi Tamima kwa hasira ya siku moja. Jina la riwaya limefasiriwa kwa namna nyingi: utengano wa matabaka, wa jinsia, wa vizazi, wa mtu na nafsi yake. Fasiri iliyo wazi kuliko zote, yaani utengano wa wazazi wawili wenye mtoto, ndiyo iliyoandikwa kidogo kuliko zote. Yafaa ielezwe kwamba Maksuudi hamwachi mke ili abaki na wajibu kwa watoto. Anavunja kila kitu kwa pigo moja. Talaka yake ni kufuta. Kwa hiyo Maimuna anapotoroka, anatoroka nyumba ambayo tayari haina mzazi ndani yake, ingawa mwenye nyumba yumo. Riwaya hii ni kazi kubwa, na hapana haja ya kuirudisha chini kwa kuitaka iseme jambo ambalo haikukusudia kulisema. Hata hivyo, imeacha urithi wenye madhara kidogo: baada yake, katika mawazo ya wasomaji wengi na ya baadhi ya waandishi, mwanamume aliyetengana na mke ni Maksuudi hadi athibitishwe kuwa mwingine.

Ari Katini Mwachofi, katika tamthilia yake Mama Ee (1987), aliyatazama mambo haya kutoka upande wa mwanamke, na alikuwa na kila sababu ya kufanya hivyo. Mwavita anapopambana na Kinaya anapigania utu wake kabla ya kupigania jambo lingine lolote. Mhakiki hawezi kumdai Mwachofi amtetee Kinaya.

Jibu la pili ndilo lenye utajiri zaidi, na ndilo linalomgusa msomaji wa Lubao kwa ramani na kwa moyo. Siku Njema (1996) ya Ken Walibora ni riwaya ya mtoto anayemtafuta baba. Kongowea amelelewa Tanga na mama yake, mwimbaji Zainabu Makame; mama anafariki; kijana anakuja kuvuka mpaka wa nchi kumtafuta mtu asiyemjua, na safari hiyo inamfikisha Kitale. Barabara inayopita mbele ya soko la Lubao ndiyo hiyohiyo inayopanda Webuye na kuendelea hadi Kitale. Kwa mwanafunzi wa Lubao, basi, baba wa Kongowea si mtu wa mbali. Yuko juu tu, mwendo wa matatu mbili.

Uzuri wa riwaya hii umekwisha kusifiwa, na sifa za Kiswahili chake hazina ubishi. Linalostahili kutazamwa tena ni umbo lake. Safari ya kumtafuta baba ni umbo la kale sana la hekaya. Mtoto anaondoka, anateswa njiani, anakutana na wema na waovu, na mwisho wa njia panangoja jina na urithi. Umbo hilo lina nguvu kwa sababu linageuza upungufu kuwa mwendo. Lakini lina sharti lake, na sharti lenyewe ni kwamba baba lazima asimame mahali pamoja. Yeye ni kituo. Mtoto ndiye msafiri. Kila hatua anayopiga Kongowea ni hatua ambayo mtu mwingine hakuipiga. Msomaji anavutwa na ushujaa wa kijana kiasi cha kutoliona hilo, na kukutana kunapowadia karibu na mwisho wa riwaya, furaha ya kukutana inaimeza hesabu ya miaka. Nani alinunua nguo? Nani alilala macho usiku wa homa? Mambo haya yamo katika riwaya kama habari za upande wa mama, lakini hayapelekwi mbele ya baba kama madai.

Atakayemtetea Walibora atasema kwamba mwandishi hakuandika kesi ya matunzo, ameandika riwaya, na kwamba hamu ya mtoto kwa baba yake haijui hesabu. Utetezi huo una uzito. Mtoto aliyekosa baba mara nyingi hamdai, anamtaka tu. Walibora, ambaye mwenyewe alikulia katika nchi ya Trans Nzoia aliyomfikishia shujaa wake, aliijua hamu hiyo na akaiandika kwa uaminifu. (Si jambo dogo pia kwamba tawasifu yake aliiita kwa sauti ya mama.) Lakini utetezi huo unahalalisha hisia za mhusika, hauhalalishi mpangilio wa riwaya. Mwandishi anaweza kumwacha Kongowea asidai, na papo hapo akamfanya msomaji adai kwa niaba yake. Hilo ndilo ambalo Kezilahabi alilifanya kwa Rosa.

Walibora mwenyewe alilirudia suala hili, na kwa ukomavu zaidi, katika Kidagaa Kimemwozea (2012). Kitoto kichanga kinaachwa kwenye kibanda cha Amani. Watu wanamdhania Amani kuwa ndiye baba. Naye, kwa msaada wa Imani, anaamua kukilea badala ya kukikana. Baba wa kweli ni Mtemi Nasaba Bora, mwenye mamlaka, mwenye nyumba kubwa, aliye karibu kiasi cha kusikia kilio. Hapa umbali umefutwa kabisa kama kisingizio. Mtemi hahitaji nauli ya kumfikia mwanawe. Kinachomtenga naye ni heshima yake mbele ya watu, na heshima hiyo inalindwa kwa gharama ya kijana maskini. Mtoto amepewa jina la Uhuru, na wahakiki wengi wamelikimbilia jina hilo na kufasiri kila kitu kuwa istiara ya taifa lililotelekezwa na viongozi wake. Fasiri hiyo ni sahihi, na imefanya kazi kubwa mno. Kwa kulifanya taifa zima kuwa mtoto, tumesahau kwamba mtoto mwenyewe alihitaji maziwa. Mwanafunzi anayejua kwa maisha yake maana ya kukanwa hufundishwa darasani kwamba ukanaji huo ni wa kisiasa.

Kuna mfano wa tatu unaostahili kutajwa kwa kuwa unageuza meza. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, anayeondoka ni mama. Lunga amepoteza kazi, familia imeshuka hali, Naomi anaenda zake, na baba anabaki na watoto watatu, Umulkheri, Dick na Mwaliko. Kwa mara moja riwaya ya Kiswahili ya shuleni ina mwanamume aliyetengana na mke na ambaye ni mzazi. Msomaji anakaa vizuri, anangoja kuona jinsi atakavyopika, atakavyogawa siku, atakavyomjibu mtoto anayeuliza habari za mama. Hapati nafasi. Lunga anakufa kwa kihoro, na watoto wanatawanyika. Matei alihitaji watoto waliotawanyika kwa ajili ya mpango wake mkubwa, ambao una mantiki yake. Lakini ni vigumu kuondoa hisia kwamba riwaya haikujua la kumfanyia baba wa namna hii, ikaona ni heri imzike.

Tunao basi baba jeuri aliyemo ndani, baba wa kutafutwa, baba mwenye kukana, na baba mwema afaye mapema. Asiyekuwepo ni baba wa kawaida: yule ambaye hakai na mama wa watoto wake, hatakaa naye tena, na ambaye hata hivyo analipa karo kwa kuchelewa, anakuja siku ya wazazi akiwa na viatu vyenye vumbi, anagombana na mama yao juu ya sare, anasahau siku moja na kukumbuka nyingine. Mtu huyo hana utukufu wa hekaya wala uovu wa tamthilia. Huenda ndiyo sababu ameachwa.

Yafaa kuuliza kama lugha yenyewe inachangia kumwacha. Kiswahili kina baba mzazi, baba mlezi, baba wa kambo, baba mkubwa na baba mdogo. Kila mmoja wa hawa ana mahali pake katika boma. Baba aliyetengana na mama hana jina lake mwenyewe. Mtoto, kwa upande wake, amepewa jina la kutosha na kuzidi: mtoto wa nje. Istilahi hii ni ya ajabu ukiitazama kwa utulivu. Mtu aliyetoka ni mtu mzima. Aliyewekwa nje ni mtoto. Aidha, methali inayotumiwa sana wazazi wanapogombana ni ile ya fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Hutumiwa kwa huruma, lakini nyasi hazina kinywa, hazina miguu, wala hazichagui fahali. Wazee wanapoitumia katika baraza la usuluhishi wanawahurumia watoto na kuwanyamazisha kwa sentensi moja.

Lakini lugha si maskini kama riwaya inavyoionyesha. Katika Tanzania, mazungumzo na magazeti yamezoea kusema mzazi mwenza, au mzazi mwenzangu, kwa watu wawili wenye mtoto pamoja bila kuwa mume na mke. Magazeti ya udaku yamelichakaza neno hili kwa habari za wasanii, na pengine kwa sababu hiyo wasomi wanalikwepa. Lisikwepwe. Ni neno zuri lililoundwa kwa busara: linawaunganisha watu wawili kwa kupitia mtoto peke yake, halidai mapenzi, halidai ndoa, na halimtupi yeyote nje.

Lubao na jirani zake wana njia nyingine ya kufika hapohapo, nayo ni kongwe zaidi. Kama ilivyo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, watu wazima huitana kwa majina ya watoto wao. Mwanamke humwita mumewe Baba Nafula; naye humwita Mama Nafula; majirani hufuata. Ndoa ikivunjika, maneno mume wangu na mke wangu hufa siku hiyohiyo. Baba Nafula halifi. Mwanamke aliyerudi kwao, aliyekwisha kula kiapo cha kutomtaja mtu yule, akilazimika kumtaja atasema Baba Nafula, kwa sababu hana jina jingine la adabu. Sarufi ya heshima inakataa talaka. Hapa ndipo mwandishi mwenye sikio angepata riwaya nzima, katika jina ambalo watu wawili waliochukiana wanalazimika kuendelea kuitana. Walioandika mazungumzo ya wahusika wa Kenya wameyatumia majina haya kama mapambo ya mahali, bila kuuliza yanabeba nini.

Mila ya nchi hiyo inaeleza kwa nini jina hilo lina uzito. Waluhya huhesabu ukoo kwa upande wa baba. Ng'ombe wa mahari walipotolewa, watoto waliozaliwa walikuwa wa ukoo wa baba, hata mama yao akiondoka. Mahari isipotolewa, mtoto aliyekulia kwa mama alikuwa mgeni mwenye kupendwa katika boma la khotsa, yaani mjomba wake. Alikula, alivaa, alifundishwa. Lakini ardhi ilipogawanywa, mvulana huyo alitazama kando. Ndiyo maana tohara ilikuwa mtihani kwa baba aliye mbali kabla ya kuwa mtihani kwa mwana. Abukusu, walio kaskazini ya Lubao, hutahiri mwezi wa Agosti wa miaka ya shufwa, na swali la kijana huyu anasimama katika ua wa nani halikuweza kuahirishwa. Baba angeweza kukwepa karo kwa miaka kumi. Siku hiyo hakuwa na pa kujificha. Mila ilimtaka awepo kwa mwili na kwa jina. Fedha ilikuja baadaye, na ilikuja na safari za kazi: reli, mashamba ya chai, machimbo ya dhahabu ya Kakamega ya miaka ya 1930, na Nairobi. Wanaume wengi wakawa baba kwa barua na hawala ya posta, bila kutengana na wake zao. Tofauti kati ya baba aliye safarini na baba aliyetengana ikawa nyembamba machoni pa mtoto. Wote wawili walikuwa bahasha.

Sheria nayo ina hadithi yake, na wanafasihi wangefaidika kuisoma kama hadithi. Sheria ya mwaka 1959 ilimwezesha mwanamke asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto wake mahakamani ili alipe matunzo. Mwaka 1969, Bunge la Kenya huru likaifuta. Ilikuwa Juni; mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge, Grace Onyango, alikuja kuchaguliwa Desemba ya mwaka huohuo. Wanaume walijadili wajibu wao wenyewe, wakajisamehe. Kwa zaidi ya miaka 30 pengo hilo likabaki wazi. Sheria ya Watoto ya 2001 ilirudisha suala hili, lakini ilimpa mama asiyeolewa jukumu la kwanza, na baba akawa mtu anayeweza kuliingia jukumu hilo kwa mapatano, kwa amri ya mahakama, au kwa mwenendo wake, kama vile kumkubali mtoto au kumtunza. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, ikakata shauri: mama na baba wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaukosoa mgawanyo wa sheria ya 2001 kwa msingi huo, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikaufuata usawa huo wa Katiba.

Mfululizo huu una mgogoro ambao riwaya zingeutamani. Sheria ya Urithi, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1981, inamhesabu kuwa mtoto wa marehemu hata yule aliyezaliwa nje ya ndoa, iwapo marehemu alimtambua au alimkubali kuwa wake, au alijitwika kwa hiari jukumu la kudumu juu yake. Maana yake ni kwamba karo iliyolipwa, gunia lililopelekwa, jina lililoandikwa katika fomu ya shule, vyaweza siku moja kuwa ushahidi juu ya shamba. Katika nchi yenye msongamano wa watu kama Kakamega, ambako urithi wa wana wengi ni kipande kidogo, familia ya baba inalijua hilo vizuri. Kuna baba anayejizuia kutoa, si kwa ubahili, bali kwa kuwa ndugu zake wanahesabu kila alichotoa. Kuna mwingine anayetoa kwa siri kupitia kwa dada yake. Mtoto hapati habari hiyo. Anachokijua ni kwamba baba hakuja. Fumbo la namna hii, ambalo wema umejificha kwa hofu na ukafanana na ubaya, linadai ufundi wa mwandishi wa riwaya. Mahakama haina njia ya kulisimulia.

Istilahi ya matunzo inastahili neno moja zaidi. Katika mahakama za kadhi, kile anachodaiwa baba kwa ajili ya watoto baada ya talaka huitwa nafaka, kutokana na Kiarabu nafaqa, matumizi ambayo mtu anawajibika kuwapa walio juu yake. Sheria ya Kiislamu haikatizi nafaka ya watoto kwa talaka: watoto wadogo hukaa katika hadhana ya mama, na baba huendelea kutoa. Waislamu wa Mumias, ambako dini na Kiswahili vilifika kwa misafara ya pwani katika karne ya 19, wamekuwa na msamiati huu jirani kabisa na Lubao. Lakini kwa Mswahili wa kawaida nafaka ni mahindi, mtama na mpunga. Mahakama na ghala vinatumia neno moja. Baba anayeshuka kwenye bodaboda akiwa na gunia la mahindi na kuliacha langoni kwa wakwe zake wa zamani anatimiza maana zote mbili za neno, bila kujua. Neno matunzo, tulilolichagua kwa sheria za kidunia, lina upole zaidi, kwa kuwa limetoka katika kutunza. Lakini limezoeleka kumaanisha kiasi cha shilingi, hata upole wake umekauka.

Ukaukaji huo umeongezwa kasi na simu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na tangu hapo bahasha ya posta imekuwa ujumbe wa maneno machache. Faida yake haikanushiki: fedha inafika jioni hiyohiyo, na kumbukumbu inabaki, ambayo yaweza kuonyeshwa kwa hakimu na pande zote mbili. Hasara yake ni ya kifasihi na ya kibinadamu pamoja. Zamani mkono mtupu haukulambwa, lakini mkono ulilazimika kuja. Mleta fedha alikuwa dereva, mjomba, shangazi, au baba mwenyewe, na kila mleta fedha alileta pia habari: mtoto amerefuka, amepasuka kiatu, anakohoa. Sasa shilingi zinapita juu ya vichwa vya wote hao. Siku ya soko baba angeweza kumwona mwanawe Lubao, kati ya wauza mbwa na wauza nguo, mahali pasipo boma la mtu, bila kukanyaga ua wa wakwe na bila kumleta mtoto mbele ya mke mpya. Akishatuma kwa simu, sababu ya kwenda sokoni imepungua kwa moja.

Riwaya itakayomwandika baba huyu haitahitaji safari ya Tanga hadi Kitale. Itahitaji uani, benchi la ofisi ya watoto, mlango wa darasa, na masikio. Itakutana mapema na tatizo la viambishi ambalo halina jibu tayari. Mtoto wa Kiswahili husema kwetu kwa wingi hata akiwa peke yake. Lugha haimruhusu kuwa na kwangu mpaka awe mtu mzima. Wingi huo unadhani boma moja. Mtoto wa wazazi waliotengana ana kwa mama na kwa baba, wiki hapa na likizo pale, na mwalimu anapoandika sajili na kumuuliza kwao ni wapi, anatua kidogo kabla ya kujibu.